Ernest Just: bingwa wa mayai ya baharini aliyekosa meza kwao



Tukiulizwa tutaje mwanasayansi mweusi wa Marekani, wengi wetu tunakimbilia kwa George Washington Carver na karanga zake, halafu kimya. Leo nawaletea mwingine. Huyu hakutengeneza mashine, hakugundua dawa, wala hakurusha chombo angani. Kwa miaka zaidi ya 30 alikuwa akichungulia mayai ya wanyama wadogo wa baharini kwenye hadubini. Kwa mayai hayo hayo akafika Naples, Berlin na Paris, akaheshimiwa na mabingwa wa dunia, huku kwao Marekani milango ya vyuo vikubwa ikiwa imefungwa kwa sababu ya rangi yake. Jina lake ni Ernest Everett Just.

Kabla sijamwingia mwenyewe, tuelewane kwanza kuhusu fani yake.

Mliosoma baiolojia sekondari mnakumbuka ile michoro ya yai. Mbegu ya kiume inaingia, yai linagawanyika kuwa seli mbili, zinakuwa nne, nane, kumi na sita, na kuendelea. Kwenye daftari tunachora, mwalimu anaweka vema, basi. Lakini hebu jiulize: seli zote hizo zimetoka kwenye yai moja. Nani anaiambia hii iwe jicho, ile iwe mfupa, na ile nyingine iwe ini? Maswali ya namna hiyo ndiyo baiolojia ya ukuaji wa viumbe, fani ambayo zamani iliitwa embriolojia. Hakuna mtu mmoja aliyeyajibu yote. Mmoja alifanya kazi na vyura, mwingine na kuku, mwingine na nzi wa matunda, mwingine na viumbe wa baharini, na kila mmoja alileta kipande chake. Ni kama harambee. Ukimzuia mmoja asichange, hasara si yake peke yake. Hapo ndipo habari ya Just inapouma.

MAMA YAKE

Just alizaliwa tarehe 14 Agosti 1883 katika mji wa bandari wa Charleston, jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Utumwa ulikuwa umefutwa nchini humo mwaka 1865, yaani miaka 18 tu kabla. Baba yake, Charles, alikuwa mjenzi wa magati, na alifariki Ernest akiwa na miaka minne. Mzigo wote ukamwangukia mama.

Mama huyu, Mary, hakuwa mtu wa mchezo. Alikuwa mwalimu wa shule, na kipato kilipokuwa hakitoshi alikwenda kufanya kazi kwenye machimbo ya fosfeti katika kisiwa cha James, jirani na Charleston. Aliwahamasisha watu weusi wa pale wanunue ardhi na wajenge makazi yao wenyewe, na makazi hayo yakapewa jina lake, Maryville. Kwa hiyo kijana alikua akimwona mama yake anafundisha, anachimba, na anaongoza watu.

Utotoni Ernest aliugua taifodi. Alipona, lakini ugonjwa ulimwacha amesahau kusoma, ikabidi aanze upya na herufi. Mtoto huyo huyo ndiye aliyekuja kuwa kipanga wa darasa. Akiwa na miaka 13 alipelekwa chuo cha watu weusi cha Orangeburg, humo humo South Carolina, ili asomee ualimu. Alipomaliza, yeye na mama yake waliona elimu ya kusini kwa mtoto mweusi haitamfikisha mbali. Akaondoka kwenda kaskazini, nauli akiilipa kwa kufanya kazi kwenye meli. Wale wenzetu wanaobeba maboksi ughaibuni watamwelewa.

Mwaka 1900 aliingia shule ya Kimball Union Academy huko Meriden, New Hampshire. Masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa mitatu, akaongoza darasa mwaka 1903. Lakini katikati ya masomo alirudi nyumbani akakuta mama yake ameshazikwa. Hakuwahi hata mazishi. Akarudi kaskazini, akaendelea.

Kutoka hapo alikwenda Chuo cha Dartmouth, akahitimu mwaka 1907 kwa heshima za juu. Huko ndiko alikokutana na profesa wa zoolojia, William Patten, na huko ndiko swali la yai moja kugeuka kiumbe kizima lilipomnasa. Halikumwachia tena.

WOODS HOLE: KIJIJI CHA WATAFITI

Sasa amemaliza chuo, vyeti safi. Kazi je? Marekani ya wakati ule, msomi mweusi hata awe na akili za namna gani hakuajiriwa kufundisha kwenye vyuo vya wazungu. Alibaki na vyuo vya weusi. Just akaenda Chuo Kikuu cha Howard, jijini Washington, mwaka huo huo wa 1907. Alianza kwa kufundisha Kiingereza! Baadaye uongozi wa chuo ukamhamishia baiolojia, na mwaka 1912 akawa mkuu wa idara ya zoolojia. Cheo hicho alikishika hadi kufa kwake.

Kilichobadilisha maisha yake kilitokea mwaka 1909. Pwani ya Massachusetts kuna kijiji kinaitwa Woods Hole, na pale ipo Maabara ya Baiolojia ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1888. Maabara hii haikuwa mali ya chuo kikuu kimoja. Kila kiangazi maprofesa na wanafunzi kutoka vyuo mbalimbali walihamia pale kwa wiki kadhaa. Boti zilikwenda baharini kuleta wanyama, watu waligawana vyumba na vyombo, na jioni walikaa kusikiliza mihadhara na kubishana. Aliyekwama kwenye jambo fulani alimgeukia jirani yake. Fani ya ukuaji wa viumbe Marekani ilijengwa sana na utaratibu huo.

Mkuu wa maabara alikuwa Frank Lillie, ambaye pia aliongoza zoolojia katika Chuo Kikuu cha Chicago. Lillie akamchukua Just kama msaidizi wake wa utafiti. Tangu hapo, kwa takriban miaka 20, kila kiangazi Just alifunga safari kutoka Washington kwenda Woods Hole. Kwa mtindo huo wa kusoma huku anafundisha, alipata shahada ya udaktari kutoka Chicago mwaka 1916, akiwa na umri wa miaka 32.

Alifanya kazi na nani? Na minyoo wa baharini wanaoitwa Nereis, na yule mnyama wa duara mwenye miiba kama nungunungu ambaye hata sisi pwani yetu tunaye tele kwenye miamba. Ukimkanyaga unamkumbuka wiki nzima. Tumwite nungunungu wa baharini. Mayai ya viumbe hawa ni mwanga mtupu, unaweza kuona mambo yanavyokwenda ndani. Isitoshe, urutubishaji wao hufanyika nje ya mwili, ndani ya maji, kwa hiyo unaweza kuchukua mayai kwenye bakuli, ukadondoshea mbegu, ukaangalia.

Lakini lazima umpate mnyama kwa wakati wake. Nereis huibuka juu ya maji baada ya jua kuzama, kwa kufuata mzunguko wa mwezi. Wavuvi wetu wanaopanga kazi kwa bamvua na maji mafu wanalijua somo hili bila kwenda chuo. Just na Lillie walikwenda gatini na taa na nyavu ndogo, usiku baada ya usiku, wakiandika nani ametoka lini na mwezi uko wapi. Mwaka 1913 walichapisha ripoti ya pamoja kuhusu tabia ya minyoo hao. Yaani kabla ya kuanza jaribio, Just alitaka amjue mnyama mwenyewe.

MLANGO WA YAI

Ripoti yake ya kwanza ilitoka mwaka 1912. Swali lilikuwa hivi: yai linapogawanyika mara ya kwanza, mstari wa mgawanyiko unapita wapi? Je, umeshapangwa ndani ya yai tangu mwanzo? Just alionyesha kuwa kwa Nereis mstari huo unafuata mahali mbegu ya kiume ilipoingilia. Mbegu inaweza kuingia popote, na pale ilipoingia panakuwa alama ya ramani ya mwili unaokuja. Jambo lenyewe dogo ukilitazama haraka haraka, lakini maana yake ni kwamba mpango wa kiumbe hauko wote ndani ya yai kama nyumba iliyokwisha chorwa. Sehemu yake inatokana na kilichotokea kwenye uso wa yai.

Mwaka 1919 alichapisha kazi nyingine, na hii ndiyo inayomtajisha hadi leo. Mbegu zinazolizunguka yai ni nyingi mno. Ikiingia moja, safi. Zikiingia mbili au tatu, mahesabu ya kromosomu yanavurugika na kiumbe hakikui sawasawa. Sasa yai linajilindaje? Ilijulikana kuwa baada ya kurutubishwa yai huinua utando kulizunguka, kama ukuta. Just alichunguza mayai ya ndugu wa nungunungu wa baharini, yule bapa mviringo kama sarafu. Akaona kwamba hata kabla utando haujainuka, kuna badiliko linaloanzia pale mbegu ilipogusa na kukimbia kama wimbi kuuzunguka uso wa yai mpaka upande wa pili. Wimbi likishapita, mbegu nyingine haina lake.

Kwa hiyo yai lina ulinzi wa hatua mbili, wa haraka kwanza, halafu ukuta. Na zaidi ya hapo, yai si chombo kinachosubiri tu kuamshwa. Lenyewe linafanya kazi, na kazi hiyo inaanzia kwenye uso wake.

Pale Woods Hole ikawa inajulikana: ukitaka mayai yakubali, muulize Just. Alisisitiza jambo moja mpaka watu wakachoka: hakikisha yai lako ni zima kabla ya kulifanyia jaribio. Bakuli likiwa na mabaki ya kemikali, maji yakipata joto, au yai likikauka kidogo kwenye kioo, jibu utakalopata ni la yai lililoharibika, na wewe utadhani umegundua siri ya uhai. Wazoefu walimfuata kwa ushauri, na vijana walijifunza mikononi mwake. Mwaka 1924 kilipotoka kitabu kikubwa cha Marekani kuhusu seli, kilichoandikwa na wakubwa kama Thomas Hunt Morgan na Edmund Wilson, sura ya urutubishaji iliandikwa na Lillie pamoja na Just.

HESHIMA YA MDOMONI

Mpaka hapa unaweza kusema jamaa ametoka. Subiri.

Mwaka 1915 chama cha kutetea haki za weusi Marekani, NAACP, kilianza kutoa tuzo ya kila mwaka, Nishani ya Spingarn. Mtu wa kwanza kabisa kuipokea alikuwa Just, na hata shahada ya udaktari alikuwa bado hajaipata. Miongoni mwa waliompendekeza alikuwa mwanasayansi maarufu Jacques Loeb, aliyepata umaarufu kuanzia mwaka 1899 kwa kulifanya yai la nungunungu wa baharini lianze kukua kwa chumvi tu, bila mbegu ya kiume. Loeb aliamini uhai ni mashine ya kikemia, na ukijua vifungo vyake unaubonyeza.

Baadaye Just alichapisha matokeo yaliyokosoa nadharia ya Loeb kuhusu mayai. Kwenye sayansi hiyo ni kawaida, ndiyo maana ya kufanya kazi pamoja. Mnabishana kwa ushahidi, kesho mnakunywa chai. Lakini Loeb alimgeuka. Maneno yake kwa wenye fedha za utafiti yalimwekea Just kiwingu. Mzungu akikosoa mzungu mwenzake ilikuwa hoja, mweusi akikosoa ikawa utovu wa adabu.

Hata Lillie, mwalimu wake, aliyeandika naye na kumsaidia kwa mengi, alimshauri abaki Howard. Hakuna chuo kikuu cha utafiti kilichompa kazi. Hebu fikiria, wewe ndiye unayeulizwa na kila mtu namna ya kufanya majaribio, lakini kiangazi kikiisha wao wanarudi kwenye maabara zao kubwa, wewe unarudi kwenye chuo kisicho na vifaa, vipindi vya kufundisha vimekujaa, na utafiti unasubiri mpaka mwaka ujao. Just aliishi kwa kuomba misaada ya mifuko, hasa Mfuko wa Julius Rosenwald. Baadhi ya wafadhili walitaka awe mwalimu wa kuandaa madaktari weusi. Yeye alitaka kuwa mtafiti. Mvutano huo haukwisha.

Nisiwafiche, hakuwa malaika. Alikuwa na kiburi cha msomi, aligombana na uongozi wa Howard, na ndoa yake na Ethel Highwarden, mwalimu mwenzake aliyemwoa mwaka 1912 na kuzaa naye watoto watatu, ilivunjika. Nayasema haya ili tumwone kama binadamu.

MEZA YA NAPLES

Mwaka 1929 alivuka bahari kwenda Naples, Italia. Pale kuna kituo cha utafiti wa bahari kilichoanzishwa na Mjerumani Anton Dohrn mwaka 1872, cha zamani kuliko Woods Hole. Dohrn alibuni utaratibu wa meza. Serikali au chuo kikuu kililipia meza kwa mwaka, kisha kikamtuma mtafiti wake aitumie. Ukikaa mezani unapewa maji ya bahari, wanyama, kemikali, maktaba, na jirani wa taifa lingine. Mjerumani, Mrusi, Muitaliano na Mwingereza wote walikaa chumba kimoja. Huko Just alipokelewa kama mwenzao. Walimwalika majumbani, walikula naye, walibishana naye kuhusu mayai tu.

Mwaka 1930 akaalikwa Berlin, kwenye Taasisi ya Kaiser Wilhelm ya Baiolojia, mojawapo ya vituo bora kabisa duniani wakati huo. Alikuwa Mmarekani wa kwanza kualikwa pale. Mwenyeji wake alikuwa Max Hartmann. Na hapa naomba mnisikilize, maana inaonyesha fani hii ilivyosukwa na mikono mingi. Katika taasisi hiyo idara mojawapo iliongozwa na Otto Mangold. Mke wake, Hilde, akiwa mwanafunzi wa Hans Spemann huko Freiburg, alikuwa amechukua kipande kidogo cha kiinitete cha mnyama wa jamii ya vyura mwenye mkia, akakipandikiza kwa mwingine, na pale kilipopandikizwa pakaanza kujengwa mwili wa pili. Kipande hicho kiliwashawishi majirani zake wabadili mwelekeo. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1924, na mwaka huo huo Hilde akafa kwa ajali ya moto nyumbani, akiwa na miaka 25. Spemann alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1935. Katika idara hiyo ya Mangold alikuwepo pia kijana Johannes Holtfreter, ambaye baadaye naye aliweka mkazo kwenye uso wa seli na jinsi seli zinavyotambuana, njia ile ile aliyokuwa akiipita Just.

Kwa maneno mengine, Just alikuwa amefika kwenye chumba ambamo mazungumzo yenyewe yalikuwa yakifanyika. Ila chumba hicho kikaja kuvamiwa. Mwaka 1933 Hitler alishika madaraka, watafiti Wayahudi wakafukuzwa, na mtu mweusi naye hakuwa na amani Ujerumani. Just akahamishia kazi zake Ufaransa, akifanya utafiti Paris na kwenye kituo cha bahari cha Roscoff. Huko Berlin alikuwa amekutana na Hedwig Schnetzler, mwanafunzi wa falsafa, ambaye baadaye akawa mke wake wa pili.

KITABU NA GEREZA

Mwaka 1939 alitoa vitabu viwili. Kimoja kilikuwa cha ufundi, kikieleza hatua kwa hatua namna ya kutunza na kujaribu mayai ya wanyama wa baharini. Ni kama vile alikuwa anaandika yote aliyoyafundisha kwa mdomo Woods Hole, ili asiyefika pale naye ajue. Kingine kilihusu baiolojia ya uso wa seli, na humo aliweka hoja ya maisha yake.

Wakati huo upepo ulikuwa wa jeni. Morgan alikuwa amepata Nobel mwaka 1933 kwa kazi ya kromosomu za nzi wa matunda, na wengi waliona kiini cha seli ndicho bosi na sehemu nyingine ni wafanyakazi tu. Just akasema hapana. Uso wa seli ndipo seli inapokutana na dunia na majirani zake, na huwezi kueleza ukuaji kwa kuangalia kiini peke yake. Kwenye kupinga ukuu wa jeni alivuka mpaka, na utafiti uliofuata ulionyesha jeni zina nguvu kuliko alivyotaka kukubali. Lakini kwenye hoja ya kwamba seli zinasikilizana kupitia nyuso zao, na kwamba kiini hakifanyi kazi kikiwa kimejifungia, muda ulikuja kumpa haki yake.

Kitabu hakikupata mapokezi makubwa. Vita ilikuwa imeanza. Mwaka 1940 Ujerumani iliivamia Ufaransa, na Just, aliyekuwa bado anafanya kazi Roscoff, akakamatwa na kuwekwa kambini kwa muda. Aliachiwa, na mwaka huo huo akarudi Marekani akiwa na Hedwig, aliyekuwa mjamzito. Akarudi Howard, kule kule alikoanzia. Mwili ulikuwa umeshachoka. Tarehe 27 Oktoba 1941 alifariki jijini Washington kwa kansa ya kongosho, akiwa na miaka 58. Mwaka 1942 Lillie aliandika tanzia yake kwenye jarida la Science, na humo akakiri wazi kwamba maisha ya kisayansi ya Just yaliumizwa na vizuizi alivyowekewa kwa kuwa mweusi. Ukweli mtupu, ila ulikuja marehemu akiwa kaburini.

WALIOENDELEZA

Mwaka huo wa 1939 ambao Just alitoa vitabu vyake, watafiti wa Marekani waliunda chama cha kuchunguza ukuaji wa viumbe. Mwaka 1965 chama kilibadili jina kikawa Chama cha Baiolojia ya Ukuaji, kwa sababu fani yenyewe ilikuwa imepanuka. Wataalamu wa jeni, wa kemia na wa seli walikuwa wameingia ndani.

Mwaka 1976 mwanamama Laurinda Jaffe alipima umeme kwenye yai la nungunungu wa baharini, akaonyesha kuwa mbegu ya kwanza ikiingia, chaji ya umeme kwenye utando wa yai hubadilika ndani ya sekunde chache na kuzizuia nyingine. Ulinzi wa haraka kwanza, ukuta baadaye, zile hatua mbili alizozisema Just mwaka 1919 akiwa na hadubini ya kawaida. Mwaka 1982, pale pale Woods Hole, Tim Hunt akitumia mayai ya nungunungu wa baharini aligundua protini zinazopanda na kushuka kila seli inapogawanyika, kazi iliyomletea sehemu ya Nobel mwaka 2001 na ambayo leo inasaidia kuelewa kansa. Mwaka 2006 kundi la watafiti zaidi ya 200 wa nchi mbalimbali walichapisha jenomu nzima ya mnyama huyo, wakakadiria ana jeni kama 23,300, idadi isiyopishana sana na ya binadamu.

Na Just? Kwa miaka 40 jina lake lilitajwa kwa nadra. Mwaka 1983 mwanahistoria Kenneth Manning alichapisha wasifu wake, watu wakashtuka. Mwaka 1996 posta ya Marekani ikatoa stempu yenye sura yake. Chama cha wanabaiolojia wa seli cha nchi hiyo nacho kina tuzo yenye jina lake.

Nimemleta hapa kwa sababu mara nyingi tunaambiwa sayansi ni ya wote, mwenye akili atapita tu. Just alikuwa na akili, bidii na mikono, na kila aliyekaa karibu naye alifaidika. Bado hakupewa meza ya kudumu kwao. Sayansi ilisonga mbele, ndiyo, lakini tujiulize ingefika wapi mapema kama mtu huyu angekuwa na maabara na wanafunzi wa udaktari kwa miaka 30, badala ya viangazi 20 vya kubangaiza. Mawazo yake yalibidi yasubiri watu wengine wayafikie kwa njia zao.

Nungunungu wa baharini wako kwenye miamba yetu kuanzia Lamu hadi Mtwara, na yai lao ni lile lile la mwanga. Kwa wale mnaosoma sayansi: kwenye maabara ya shule au chuo chako, yuko wapi yule anayejua kazi kuliko wote lakini haitwi kwenye kikao? Na ninyi mnaobukua mitihani ya kidato cha sita, mliwahi kulisikia jina hili darasani? Leteni maoni yenu hapo chini, tubishane kwa hoja.

Tuko pamoja.